Miezi minne ya kumwandaa mtoto kwa kidato cha kwanza

MTIHANI wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo mtoto hukaa nyumbani takriban miezi minne. Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Bunju na Tegeta wilayani Kinondoni au Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, kwa watoto wengi kipindi hicho huishia kwenye televisheni, biashara ndogo ya mama na soka la jioni. Maandalizi huanza siku chache kabla ya shule kufunguliwa, tena huwa ya sare, viatu na madaftari.

Mahitaji hayo hayakwepeki, kwani ndiyo yaliyobaki mikononi mwa mzazi tangu ada ya sekondari za serikali za kutwa, iliyokuwa Sh20,000 kwa mwaka, iondolewe Januari 2016. Hata hivyo, kikwazo kikubwa cha kidato cha kwanza ni lugha.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili huku sekondari zikibaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo mtoto aliyejua vyema maana ya uvukizi na usanisinuru hukutana na mambo yale yale kwa majina asiyoyatambua. Somo lake la Sayansi na Teknolojia hugawanyika kuwa Fizikia, Kemia na Biolojia. Aliyekuwa akiongoza darasa anaweza kunyamaza muhula mzima, mzazi akadhani amekuwa mvivu.

Shule huwapa wanaoanza kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki kadhaa. Inasaidia, lakini ni muda mfupi mno kwa pengo la miaka saba.

Wenye uwezo huwapeleka watoto tuisheni, maarufu kwa jina la "pre-form one". Ubora wake hutofautiana: ipo inayojenga lugha, na ipo inayokimbiza mada ubaoni huku mtoto akinakili asichokielewa. Mzazi anaweza kuipima hata kama yeye mwenyewe hajui Kiingereza. Afungue daftari, achague aya moja, amwambie mtoto aieleze kwa Kiswahili. Mtoto akikwama kila mara, fedha hiyo inapotea.

Asiye na fedha ya tuisheni anaweza kuazima vitabu kwa jirani mwenye mwanafunzi wa kidato cha pili, na kutafuta kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Mtoto asome ukurasa mmoja kwa siku, aandike maneno matano mapya na maana zake, kisha ayatungie sentensi. Kwa siku 90 atakuwa amekusanya maneno 450, mengi yakiwa yale yale atakayoyakuta darasani.

Ipo pia safari. Aliyezoea kutembea hadi shule ya mtaani huenda akaanza kugombea daladala alfajiri, na makondakta wengi hawawapendi wanafunzi kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Mzazi aifanye safari hiyo pamoja na mtoto kabla ya Januari, asubuhi na jioni, ajue anapita wapi na giza linamkuta kituo gani. Kwa msichana, hilo lisiachwe kabisa.

Muda wa kusitasita si mwingi. Mwishoni mwa mwaka wa pili huja Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na asiyefikia kiwango hukariri darasa.

Kwa wazazi wenye watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024, hesabu ni tofauti. Chini ya mtaala ulioboreshwa, hao watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwaka huo. Makundi yote mawili yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza Januari 2028.