Neno Latangulia Bunduki: Funzo la Dzaleka

Askari hufundishwa tangu siku zake za mwanzo kwamba risasi ikishatoka haiwezi kurudishwa. Linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba hata neno haliwezi kurudishwa. Wahenga walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Historia ya Dzaleka, nchini Malawi, ni ushahidi wa kutosha.

Dzaleka ipo katika Wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, na msafiri atokaye mji mkuu hupitia Lumbadzi. Kitenzi cha Kichewa "kuleka" maana yake ni kuacha. Na katika utawala wa Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza. Humo walifungiwa wapinzani wa kisiasa, na kwa wengi wa wafungwa wa namna hiyo nchini kote kosa halikuwa kuiba wala kuua, bali kusema.

Utawala ule ulitambua vyema nguvu ya lugha. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kukagua vitabu, filamu na michezo. Mwaka huo huo Kinyanja kilipewa jina la Kichewa na kufanywa lugha ya taifa, na Kitumbuka kikaondolewa katika redio ya nchi. Mwaka 1987 Jack Mapanje, mshairi na mwanaisimu, alikamatwa. Akawekwa katika gereza la Mikuyu hadi mwaka 1991 bila ya kushtakiwa.

Matokeo yake yalikuwa dhahiri. Watu wasipoweza kuzungumza, kila mmoja hudhani kwamba dhiki aionayo ni yake peke yake. Njaa isiyotajwa huonekana kama haipo, na anayeitaja huitwa mwasi. Akishapewa jina hilo, polisi aliyetumwa kumkamata hamwoni tena mwananchi mwenye malalamiko. Humwona adui wa Taifa.

Tarehe 8 Machi, 1992, barua ya maaskofu Wakatoliki ilisomwa makanisani kote Malawi. Barua hiyo ilitaja umaskini, dhuluma na ukosefu wa uhuru. Wananchi walikuwa wakiyajua yote hayo. Jambo jipya lilikuwa kwamba yametamkwa hadharani, na kila aliyesikia alijua kuwa jirani yake naye amesikia. Tarehe 14 Juni, 1993, kura ya maoni ikachagua mfumo wa vyama vingi. Desemba ya mwaka huo Jeshi la Malawi liliwanyang'anya silaha vijana wa chama waliojulikana kama Young Pioneers, katika operesheni iliyoitwa Bwezani, yaani "rudisheni". Mei 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi.

Lakini mwaka huo huo wa 1994, nchini Rwanda, neno lilitumiwa kwa kazi nyingine. Redio ya RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", maana yake mende. Mende hana jina, wala mama, wala haki, hukanyagwa tu. Wasikilizaji walikwisha kuzoeshwa neno hilo kabla mauaji hayajaanza, na katika vizuizi vya barabarani neno moja lililoandikwa katika kitambulisho, Mhutu au Mtutsi, liliamua nani apite na nani afe. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wa redio hiyo, na hata baada ya rufaa ya mwaka 2007 kupunguza adhabu yake, hatia ya uchochezi ilibaki.

Katika mwaka huo wa 1994 Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Hivyo watu waliokimbia maneno yaliyoua walipewa hifadhi pale walipokuwa wakifungwa watu kwa sababu ya maneno. Walitoka Rwanda, Burundi na Kongo, na idadi yao baadaye ilizidi 50,000. Miongoni mwao Kiswahili kimekuwa lugha ya kukutania, na jirani yao Mchewa hayuko mbali nao: nyumba kwake ni nyumba, moto ni moto, na maji ni "madzi". Tangu mwaka 2014 kambi hiyo imekuwa na tamasha liitwalo Tumaini, ambalo huwavuta wageni kutoka Lilongwe na ng'ambo. Mahali palipojulikana kwa jina la kutisha pakaanza kutajwa pamoja na neno jema.

Hata hivyo kazi ya neno haijamalizika. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na polisi wakapewa kazi ya kutekeleza agizo hilo. Agizo huandikwa mara moja, lakini hutekelezwa mlango kwa mlango. Mlangoni askari huwa na jina moko moyoni kabla hajabisha hodi: ama "mvamizi", ama "mkimbizi". Jina alilolichagua ndilo litakaloongoza mkono wake.

Ndiyo maana lugha ya askari ni sehemu ya nidhamu yake. Mtuhumiwa si mhalifu mpaka mahakama iseme hivyo. Raia anayelalamika si adui. Anayeandika taarifa kituoni, au kumhoji mtu kizuizini, na achunge neno kama anavyochunga silaha yake, kwa kuwa neno latangulia na bunduki hufuata.