Dawa Ikishafika kwa Wengi

Talidomaidi iliingia sokoni Ujerumani Magharibi Oktoba 1957 kwa jina la Contergan. Iliuzwa bila cheti cha daktari, ikisifiwa kuwa dawa salama ya usingizi, na wajawazito wengi waliimeza, wengine ili kutuliza kichefuchefu. Haukupita muda mrefu, wakaanza kuzaliwa watoto wenye mikono au miguu mifupi mno, na wengine wasio nayo kabisa.

Huko Hamburg, daktari wa watoto Widukind Lenz aliwahoji mama zao kuhusu dawa walizotumia mimba ikiwa changa. Mwanzoni takriban mmoja kati ya watano ndiye aliyeitaja Contergan. Alipoiulizia kwa jina, wakafika nusu: wengi walikuwa wameiona ni kidonge kidogo tu, hakina haja ya kutajwa. Novemba 1961 Lenz aliionya Grünenthal, kampuni iliyoitengeneza, na kabla mwezi haujaisha dawa ikaondolewa. William McBride wa Australia naye alikuwa ameingiwa na shaka hiyohiyo. Watoto walioathirika duniani wanakadiriwa kufikia 10,000 au zaidi, idadi ambayo ingekuwa ndogo sana kama kungekuwa na mtu wa kuhesabu mapema.

Uingereza ilianzisha Kadi ya Njano mwaka 1964, daktari aijaze kila anaposhuku kwamba dawa imemdhuru mgonjwa. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani liliunganisha taarifa za namna hiyo kutoka nchi 10. Tanzania ilijiunga na mpango huo mwaka 1993.

Lakini kadi peke yake haitoshi. Lazima ijulikane ni wangapi waliomeza dawa, na wangapi waliougua vilevile bila kuimeza. Dhara linalompata mtu 1 kati ya 10,000 huhitaji watumiaji wapatao 30,000 ili uwezekano wa kuliona walau mara moja ufike asilimia 95, ilhali majaribio ya kabla ya usajili kwa kawaida huwa na watu elfu chache. Ndiyo maana watafiti waligeukia kumbukumbu za bima na hospitali. Mfano ni Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo iliyouzwa tangu 1999. Iliondolewa Septemba 2004 baada ya jaribio kuonyesha kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2005 ulichapishwa uchambuzi wa kumbukumbu za wanachama milioni 1.4 wa shirika la bima na hospitali la Kaiser Permanente, California, ukathibitisha hatari hiyo kwa moyo, kubwa zaidi kwa waliotumia dozi ya juu.