Petroli ya kuhifadhia gari la zamani

Uchaguzi wa petroli ya kuhifadhia gari la zamani la michezo ni suala linalowahusu hasa wamiliki katika nchi zenye baridi kali. Nchini Uingereza magari kama MGB (lililotengenezwa 1962–1980) hufungiwa gereji miezi kadhaa, mbali na chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu.

Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ni E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hufyonza unyevu wa hewa. Gari linalotembea kila siku huichoma petroli mapema. Lililoegeshwa hubaki nayo. Maji yakizidi hujitenga pamoja na ethanoli na kutuama chini ya tangi, karibu na mdomo wa bomba la mafuta. Tangi la chuma hushika kutu, na mipira ya zamani huvimba au kupasuka. Hatari kubwa ni moto, kwa kuwa petroli inayovuja kwenye injini yenye joto inaweza kuwaka.

Kwa hiyo huchaguliwa E5 ya daraja la juu (oktani 97 au zaidi), ambayo ethanoli yake haizidi asilimia 5. Tangi hujazwa karibu lote ili hewa yenye unyevu ibaki kidogo. Dawa ya kuzuia petroli isiharibike huongezwa ikiwa bado mpya, kisha injini huwashwa dakika chache ili mchanganyiko ufike ndani ya kabureta. Dawa hiyo haifufui petroli iliyokwisha kuchacha.