Dawa ya Chandarua na Maji ya Kufulia

 Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, Tanzania, mwaka 1997, ulianza mradi wa KINET wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu. Manufaa yake yalikuwa makubwa: uhai wa watoto wadogo waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27.

Dawa yenyewe ni ya jamii ya pairethroidi, iliyobuniwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Chandarua kililowekwa kwenye beseni, kikaanikwa. Lakini kila kilipofuliwa dawa ilipungua, hata kikahitaji kulowekwa upya baada ya miezi kadhaa. Iliyotoka ilikwenda na maji ya povu. Binadamu haimdhuru sana. Samaki na wadudu wa majini huwaua hata ikiwa kidogo mno. Ndiyo maana ni kosa kubwa kumwaga maji hayo mtoni.

Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilipoanza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset, dawa ilichanganywa ndani ya uzi wenyewe, ikawa inatoka polepole kwa miaka. Ulowekaji ukafifia.

Wala si vyandarua tu: ughaibuni, mwaka 2008, watafiti wa Arizona, Marekani, walionyesha kwamba soksi zenye chembe za fedha za kuua bakteria nazo hupoteza madini hayo zinapofuliwa.