Bendera ya jumuiya iliyogeuka kuwa ya nchi

Watu wa Ziwa Tanganyika walizijua bendera za wafanyabiashara kabla ya bendera za serikali. Msafara uliotoka Zanzibar ulitanguliwa na kirangozi, amevaa joho jekundu, kichwani ngozi ya mbega, mkononi bendera nyekundu tupu isiyo na alama yoyote. Aliyeiona alijua hao wanafuata pembe za ndovu, na mara nyingi watumwa pia.

Aprili 1858 wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, rasi ambayo Burton aliidhania kisiwa, hadi Uvira. Mtumbwi wa Burton ulipeperusha bendera ya Uingereza. Ghuba iliyo mbele ya Baraka ingali na jina la Burton kwenye ramani.

Lakini bendera iliyoacha alama hapa ni nyingine. Mwaka 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ikapewa bendera ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu. Haikuwa ya nchi yoyote. Ilikuwa alama ya chombo binafsi, kama rangi ambazo kampuni ya meli hutundika mlingotini. Ilifika ziwani na kituo cha Karema mwaka 1879, ikavuka hadi Mpala mwaka 1883.

Novemba 1878 Leopold aliunda pia kamati ya wenye mitaji. Miongoni mwa wanahisa ilikuwamo Afrikaansche Handelsvereeniging, kampuni ya Waholanzi wa Rotterdam iliyofanya biashara Banana, mdomoni mwa Mto Kongo. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilifilisika. Leopold akaitumia nafasi hiyo kuwarudishia wenzake fedha zao, akabaki peke yake. Bendera hakuibadilisha.

Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani iliitambua kuwa bendera ya serikali rafiki. Nchi yenyewe ilikuwa bado haijaundwa! Mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo, ya Leopold huyo huyo, iliichukua kama ilivyo, na chini yake mpira ulidaiwa kwa mjeledi na bunduki. Wabelgiji waliendelea nayo hadi 1960.

Uhuru ulipokuja ziliongezwa nyota sita ndogo, moja kwa kila jimbo. Mwaka 1971 Rais Mobutu alileta kijani na mkono ulioshika mwenge. 1997 buluu ikarudi. Ya sasa ni ya mwaka 2006: buluu ya mbingu, mstari mwekundu wenye kingo za manjano, na nyota ile ile, sasa imesogezwa pembeni juu. Wekundu, kwa mujibu wa maelezo rasmi, ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi.

Sisemi nyota hiyo ing'olewe, Wakongo wameilipia kupita kiasi. Ila walimu wa Fizi na Baraka mnaowapanga watoto asubuhi kuisalimu bendera, tafadhali waelezeni pia ilikotoka.