Nukta Kukabili Nukta

Neno kontrapunto asili yake ni Kilatini, punctus contra punctum, yaani nukta kukabili nukta. Noti ilikuwa nukta, na kuweka nukta mkabala na nyingine kulikuwa kuongeza sauti mpya juu ya wimbo uliopo. Adhaniye kuwa neno hili ni la ugomvi hukosea: sauti hizo hukabiliana kama wazungumzao uso kwa uso, si kama mahasimu.

Desturi ni kongwe kuliko jina lake. Katika karne ya 9, kitabu kiitwacho Musica enchiriadis kilieleza organum, yaani kuuandamanisha wimbo wa kanisa na sauti ya pili. Aghalabu sauti hiyo ilikuwa kivuli tu. Ilipanda na kushuka pamoja na mwenziwe. Baadaye, katika karne ya 12 na ya 13, Léonin na Pérotin wa Notre-Dame, Paris, waliipa mwendo wake wenyewe, na Pérotin akafikia sauti nne. Hiyo ndiyo polifonia, muziki wa sauti nyingi zilizo huru.

Walakini uhuru huo ulizusha shaka. Papa Yohane XXII, katika waraka wa miaka ya 1320, alilalamika kuwa madoido ya waimbaji yaliufunika wimbo mtakatifu. Swali lilikuwa zito: wengi wanenapo kwa pamoja, neno husikika?

Wanazuoni walijibu kwa kanuni. Tinctoris aliandika juu ya kontrapunto mwaka 1477, na Zarlino mwaka 1558. Mwaka 1725 Johann Joseph Fux alitoa huko Vienna kitabu cha mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, chenye daraja tano: kwanza noti moja kwa moja, kisha mbili kwa moja, kisha nne, kisha noti zicheleweshwazo, mwisho mchanganyiko wa zote.

Istilahi nyingine ni jamaa zake. Harmonia hutazama sauti ziliazo kwa wakati mmoja. Kontrapunto hutazama njia ya kila sauti. Kanoni, maana yake sheria, ni sauti kuifuata nyingine kwa kuirudia. Fuga, maana yake kukimbia, ni sauti kuingia kwa zamu na wazo moja. Bach aliyatumia maarifa hayo yote katika Sanaa ya Fuga, iliyochapwa mwaka 1751 baada ya kufa kwake. Fuga yake kubwa ya mwisho haikukamilika.

Basi kanuni hazikuwekwa kuzinyamazisha sauti, bali kuziwezesha kunena pamoja bila ya yeyote kuwa mtumwa wa mwenziwe.