Intaneti ya nyumbani: Yaliyo nyuma ya maneno 'bila kikomo'

WATEJA wa intaneti ya nyumbani humu nchini wana malalamiko mawili makuu. La kwanza ni kwamba huduma waliyouziwa kwa jina la 'bila kikomo' hupungua kasi ghafla kabla ya mwezi kwisha. La pili ni kwamba huduma yenyewe hukatika mara kwa mara, na aghalabu siku zilizopotea haziondolewi katika ada ya mwezi unaofuata.

Malalamiko hayo si ya watu wenye kutaka anasa. Tangu Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19 na waajiri wengi wakawaagiza wafanyakazi wao kufanyia kazi nyumbani, ada ya intaneti iliingia katika bajeti ya familia nyingi za mijini pamoja na kodi ya nyumba, maji na stima. Mwanafunzi anayekatiziwa somo, mhasibu anayeshindwa kuwasilisha hesabu kwa wakati na mfanyabiashara asiyepatikana na wateja wake hupata hasara ambayo haionekani katika risiti yoyote.

Makala haya yanaeleza jinsi kikomo kinavyofanya kazi, sababu za huduma kukatika, na haki alizo nazo mteja kwa mujibu wa sheria.

Tulikotoka

Kabla ya mwaka wa 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na mataifa ya ng'ambo yalitegemea setilaiti. Mitambo hiyo huwa umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kampuni zililipa maelfu ya dola kila mwezi ili kupata nafasi ndogo tu. Katika hali hiyo, kumpimia mteja matumizi yake kulikuwa na mantiki. Bidhaa adimu hupimwa kwa kibaba.

Mambo yalibadilika Juni 2009 waya wa TEAMS, unaopita chini ya bahari kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, ulipofika Mombasa. Waya wa Seacom ulianza kazi Julai mwaka uo huo, na ule wa EASSy ukafuata mwaka wa 2010. Wananchi waliahidiwa intaneti ya kasi na ya bei nafuu. Kasi iliongezeka kweli, na gharama ya kila kipimo ikashuka. Hata hivyo, kikomo hakikuondoka. Katika vifurushi vingi kilibadilishwa jina tu, kikaitwa 'sera ya matumizi ya haki'.

Kenya haikuwa peke yake. Nchini Afrika Kusini, kampuni ya Telkom ilipoanza kuuza intaneti ya kasi kupitia nyaya za simu mwaka wa 2002, mteja aliwekewa kikomo cha gigabaiti 3 kwa mwezi, jambo lililozua manung'uniko ya miaka mingi. Huko Marekani, Comcast iliweka kikomo cha gigabaiti 250 Oktoba 2008. Mwaka wa 2025, kampuni iyo hiyo ilianza kuuza vifurushi vipya visivyo na kikomo wakati ambapo ilikuwa ikipoteza wateja.

Hesabu ya kikomo

Kikomo ni cha aina mbili. Cha kwanza ni kile cha wazi: mteja hununua kiasi fulani, na kikiisha hununua kingine. Mwaka wa 2024, kwa mfano, kampuni ya setilaiti ya Starlink, iliyoanza kuhudumu Kenya Julai 2023, ilianzisha kifurushi cha gigabaiti 50 kwa Sh1,300 kwa mwezi. Mtu anayekinunua anajua anachopata.

Aina ya pili ndiyo yenye kuleta ugomvi. Mteja huambiwa kwamba huduma haina kikomo, lakini akifikisha kiasi fulani cha matumizi, kasi yake hupunguzwa hadi mwanzo wa mwezi mwingine. Huduma haikatiki, ila huwa dhaifu kiasi cha kutofaa kwa shughuli nyingi.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Kwa kuwa biti nane hufanya baiti moja, kasi hiyo ni sawa na megabaiti 1.25 kwa sekunde, au gigabaiti 4.5 kwa saa. Ikitumiwa bila kupumzika itafikia gigabaiti 108 kwa siku, na kikomo cha gigabaiti 500 kitaisha kabla ya siku ya tano kukamilika.

Bila shaka hakuna familia inayotumia intaneti hivyo. Filamu ya picha angavu hutumia takriban gigabaiti 3 kwa saa. Nyumba inayotazama saa mbili kila siku itatumia gigabaiti 180 kwa mwezi kwa filamu pekee. Runinga zikiwa mbili, na watoto wakiwa na simu zao, gigabaiti 500 si nyingi tena. Kasi ikipunguzwa hadi megabiti 1, filamu hiyo haitachezeka inavyostahili, kwa maana huhitaji kati ya megabiti 3 na 5.

Kampuni zina utetezi wao. Husema kwamba wateja wachache hutumia sehemu kubwa ya huduma na kuwadhulumu wengine, na kwamba wapo wanaonunua laini moja ya nyumbani kisha wakaisambaza kwa ploti nzima na kutoza ada. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haielezi ni kwa nini kiasi chenyewe huandikwa kwa herufi ndogo ndani ya masharti, ilhali maneno 'bila kikomo' huchapishwa kwa herufi kubwa kwenye bango.

Neno 'hadi'

Neno jingine la kuangaliwa ni 'hadi'. Tangazo linaposema 'kasi ya hadi megabiti 20', halisemi kwamba mteja atapata 20 kila saa. Linasema tu kwamba hatapata zaidi ya hapo.

Sababu ni kwamba huduma ya nyumbani ni ya kugawana. Waya mmoja wa faiba unaofika mtaani kwa kawaida hugawanywa kati ya nyumba 32 au hata 64. Adhuhuri, wengi wakiwa kazini, wachache waliobaki hufurahia. Saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa imewasha runinga, mgawo hupungua iwapo kampuni imesajili wateja wengi kupita uwezo wa mitambo yake.

Setilaiti nazo hazijaepuka tatizo hilo. Novemba 2024, Starlink ilisimamisha kwa muda usajili wa wateja wapya jijini Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Wateja walionyimwa huduma walikasirika, lakini angalau waliambiwa ukweli kabla ya kutoa pesa zao.

Waya hukatikia wapi?

Hitilafu hutokea katika sehemu tatu, na ni muhimu mteja azitofautishe kabla ya kulaumu.

Ya kwanza ni baharini. Februari 2012, nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na bandari ya Mombasa. Februari 2024, nyaya kadhaa ziliharibika katika Bahari ya Shamu, ukiwemo wa Seacom. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Hitilafu ya aina hii hukumba kampuni nyingi kwa wakati mmoja, na marekebisho hungoja meli maalumu.

Siku kama hizo baadhi ya tovuti huendelea kufunguka. Hii ni kwa sababu Kenya ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, KIXP, kilichoanzishwa mwaka wa 2000, kikafungwa mwezi mmoja hivi baadaye kwa malalamiko ya Telkom Kenya, kisha kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Kinachohifadhiwa humu nchini hakilazimiki kupitia ng'ambo.

Sehemu ya pili ni nchi kavu. Tingatinga la kujenga barabara hufukua waya, nguzo huanguka, wezi hukata nyaya wakidhani ni za shaba, na stima ikipotea mitambo ya mtaa huzimika betri zikiisha. Hapa ndipo kampuni hutofautiana. Iliyo na njia ya pili ya kupitishia mawasiliano na mafundi wa kutosha hurejesha huduma kwa saa chache. Isiyo nayo humwambia mteja asubiri.

Ya tatu ni ndani ya nyumba. Kuta za mawe hudhoofisha mawimbi ya waifai, na kifaa kilichofichwa nyuma ya kabati hakiwezi kufikia chumba cha mwisho. Anayetaka kujua kosa liko wapi aunganishe kompyuta na kifaa hicho kwa waya, kisha apime kasi. Ikiwa nzuri kwa waya na mbaya bila waya, tatizo ni la nyumbani.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, kupewa habari zinazohitajika ili anufaike nayo, kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Kifungu hicho pia kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo ya biashara yaliyo ya haki na ya kweli. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha. Isitoshe, kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zilichapishwa mwaka wa 2010.

Msimamizi wa sekta hii ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), iliyochukua nafasi ya Tume ya Mawasiliano (CCK). Mlalamishi hutakiwa kuanzia kwa kampuni inayomhudumia. Asiporidhika, huwasilisha malalamiko yake kwa Mamlaka. Lipo pia Jopo la Rufaa za Mawasiliano na Habari.

Mteja afanye nini?

Kabla ya kutia sahihi, aulize maswali manne na kudai majibu kwa maandishi. Je, kasi hupunguzwa baada ya gigabaiti ngapi? Hupunguzwa hadi kiasi gani? Huduma ikikatika siku kadhaa, je, siku hizo hurudishwa? Na akitaka kuhama, atatozwa nini?

Akishaunganishwa, aweke kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike tarehe na saa ya kila mkatizo, nambari ya malalamiko aliyopewa, na kasi aliyopima asubuhi na usiku. Mhudumu wa simu anaweza kupuuza hasira ya mteja, lakini si rahisi kupuuza orodha ya siku 11 zilizokosa huduma katika mwezi uliolipiwa kikamilifu.

Kampuni nazo zina la kufanya, tena lisilohitaji nyaya mpya wala setilaiti. Ziandike kikomo kwenye bango palepale penye bei, zieleze kasi ambayo mteja atarajie saa mbili usiku, na zirudishe siku zilizopotea bila kungoja kuombwa. Ahadi ni deni, na deni hili tayari limelipiwa na mteja mwanzoni mwa mwezi.